Kutoka Luano hadi Shilatembo: Kupanga Ziara ya Simu Kuhusu Mauaji ya Lumumba

Tarehe 17 Januari 1961, karibu saa 10:50 jioni, ndege aina ya DC-4 ilitua katika uwanja wa Luano, nje ya mji ulioitwa wakati huo Elisabethville na ambao leo ni Lubumbashi. Ndani yake walikuwamo wafungwa watatu: Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri wa vijana katika serikali yake, na Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti. Walikuwa wamepigwa njia nzima. Kabla ya saa 4 usiku wote watatu walikuwa wamekwisha kuuawa. Tangu magurudumu ya ndege kugusa ardhi hadi risasi ya mwisho hazikupita saa tano.

Saa hizo zina ramani yake. Uwanja wa Luano upo hadi leo na bado ndio uwanja wa ndege wa mji wetu. Kutoka hapo wafungwa walipelekwa kwenye nyumba ijulikanayo kama Villa Brouwez, kisha usiku wakapelekwa porini kuelekea upande wa Mwadingusha, kilomita 50 hivi kutoka mjini, mahali panapoitwa Shilatembo. Tukio lenye saa, barabara na vituo namna hii ni rahisi kuligeuza ziara. Na siku hizi, mwanafunzi akitaja ziara ya kihistoria, mwenzake atauliza mara moja: kwa nini tusitengeneze programu ya simu? Mtu asimame mahali palepale, ainue simu yake, aone kwenye kioo yale yaliyotokea.

Insha hii inalichukua swali hilo kwa uzito. Inaeleza jinsi programu hiyo inavyoweza kupangwa, kituo kwa kituo, na inatetea hoja moja: katika kituo cha mauaji yenyewe, programu isichore kitu. Sababu yangu kubwa si aibu wala hofu ya kuwaudhi watu, ingawa hayo nayo yana nafasi yake. Ni sababu ya kihistoria, inayohusu ushahidi: tunayoyajua juu ya dakika zile tumeyapata kwa nani?

Teknolojia na jina lake

Teknolojia inayozungumzwa hapa huitwa kwa Kiswahili uhalisia ulioboreshwa. Mimi nitasema uhalisia ulioongezwa, kwa kuwa katika habari za jinai hakuna kinachoboreshwa. Inafanya kazi hivi: kamera ya simu inaonyesha mahali ulipo, vipima mwendo vilivyomo ndani ya simu, pamoja na ishara za setilaiti, vinakadiria umesimama wapi na umeelekea wapi, kisha programu inaweka juu ya picha hiyo kitu ambacho hakipo: jengo lililobomolewa, maandishi, mtu wa kuchorwa mwenye pande tatu. Ukisogea, kitu hicho kinabaki mahali pake kana kwamba kimesimama kweli mbele yako.

Nguvu yake ndiyo hiyo, na hatari yake pia. Kitabu kinaposema "inasemekana", msomaji huliona neno. Picha iliyosimama barabarani haina "inasemekana". Macho yanaiamini kwanza, akili inafuata baadaye, ikifuata.

Tena, mahali pa mauti si uwanja wa kuchezea kila kitu. Mwaka 2016, mchezo wa simu wa Pokémon Go ulipoenea duniani, watu walianza kukamata vijoka vya kuchorwa ndani ya makumbusho ya Auschwitz huko Poland na katika makumbusho ya mauaji ya Wayahudi mjini Washington. Wasimamizi wa sehemu zote mbili waliomba mchezo huo usichezwe humo. Waliotengeneza mchezo hawakukusudia kumdhihaki maiti yeyote. Ramani yao haikutofautisha tu kati ya bustani na kaburi. Mpangaji wa ziara ya jinai hana udhuru huo, kwa sababu yeye anajua anapowapeleka watu.

Jinai yenyewe kwa ufupi

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kuwa Katanga imejitenga, akisaidiwa na maofisa wa Kibelgiji na mali ya migodi. Tarehe 5 Septemba rais Kasa-Vubu alimfukuza Lumumba kazini. Tarehe 14 kanali Mobutu akachukua madaraka. Lumumba, aliyekuwa amezingirwa nyumbani kwake Léopoldville, alitoroka usiku wa tarehe 27 Novemba akielekea Stanleyville kwa wafuasi wake, akakamatwa njiani siku chache baadaye. Alifungwa katika kambi ya jeshi huko Thysville. Askari wa kambi hiyo walipoasi katikati ya Januari, wakubwa wa Léopoldville na washauri wao wa Kibelgiji waliona hapafai tena. Ndipo akapelekwa mahali ambapo kila mtu alijua hatarudi: Katanga.

Baada ya kuuawa, wafungwa walifukiwa palepale. Haikutosha. Ofisa wa polisi wa Kibelgiji, Gerard Soete, akiwa na msaidizi, aliifukua miili, wakaikatakata na kuiyeyusha kwa tindikali, ili pasibaki hata mfupa wa kuzikwa. Hili ndilo jambo ambalo mpangaji wa ziara lazima alielewe kabla ya kufungua kompyuta yake: hii ni jinai iliyokuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni kuua. Ya pili ni kufuta mahali. Na chombo chetu kazi yake ni kuongeza vitu mahali.

Vituo

Kituo cha kwanza ni Luano. Hapa tuna ushahidi ulio bora kuliko wote, kwa sababu uwanjani walikuwapo walinzi wa Umoja wa Mataifa kutoka Sweden. Waliwaona wafungwa wakishushwa, wamefungwa kamba na kuzibwa macho, wakipigwa, wakitiwa katika gari na kuondolewa. Hawakuingilia. Programu inaweza kumweka msikilizaji mahali pa walinzi hao: umbali ule, muda mfupi ule, na swali lile la mtu mwenye bunduki na kofia ya Umoja wa Mataifa ambaye hana amri ya kufanya lolote. Lakini mpango uzingatie hali ya nchi. Kuinua kamera uwanja wa ndege, kwetu, ni kujitafutia matatizo na askari. Kituo hiki kiwe cha sauti, na kisikilizwe nje ya eneo la uwanja.

Kituo cha pili ni Villa Brouwez. Humo wafungwa walikaa saa chache, wakilindwa na askari chini ya maofisa wa Kibelgiji, na mawaziri wa Katanga walifika kuwaona na kuwatesa. Yaliyotendeka ndani tunayajua kwa maneno ya watu waliokuwamo, na kila mmoja wao alikuwa na sababu ya kupunguza sehemu yake. Hapa ningependekeza kioo cha simu kionyeshe karatasi badala ya damu. Ipo telegramu ya tarehe 6 Oktoba 1960 ambamo waziri wa Ubelgiji wa mambo ya Afrika, Harold d'Aspremont Lynden, alizungumzia kumwondoa Lumumba moja kwa moja. Wapo waliotetea kuwa alimaanisha kumwondoa katika siasa tu. Ipo nyingine ya tarehe 16 Januari 1961, siku moja kabla ya ndege ile, ambamo waziri huyohuyo alisisitiza kwamba Tshombe akubali kumpokea mfungwa. Mgeni asimame mbele ya nyumba, azisome telegramu hizo zikiwa zimening'inia ukutani, aamue mwenyewe neno "kumwondoa" lina maana gani mbele ya mlango huo.

Kituo cha tatu ni Shilatembo. Nitakirudia.

Kituo cha nne hakipo. Tarehe 13 Februari 1961, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, aliwatangazia waandishi wa habari kwamba wafungwa walitoroka na kwamba wanakijiji wamewaua. Alipoulizwa kijiji gani, alikataa kukitaja. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyochunguza jambo hilo mwaka huohuo haikuikubali hadithi yake. Katika programu, kituo hiki kiwe na namba na sauti kama vingine, lakini mgeni akibonyeza "nielekeze", ramani izunguke bila kupata kitu. Sijui njia nyingine iliyo fupi zaidi ya kumfundisha kijana kwamba uongo wa serikali mara nyingi hutambulika kwa kukosa anwani.

Dakika tatu za Shilatembo

Sasa turudi porini. Tume ya bunge la Ubelgiji iliyotoa ripoti yake mwaka 2001 iliyaweka mauaji kati ya saa 3:40 na 3:43 usiku. Okito alitangulizwa, akafuata Mpolo, akamalizia Lumumba. Tshombe na baadhi ya mawaziri wake walikuwapo. Kapteni Julien Gat na kamishna Frans Verscheure, wote Wabelgiji, walikuwapo. Dakika hizo ndizo ambazo mtengenezaji programu angetamani kuzichora kuliko zote: taa za magari, mti, safu ya askari.

Lakini tujiulize tunazijua kutoka kwa nani. Sehemu kubwa kabisa ya tuliyonayo imetoka kwa watu waliosimama upande wa bunduki. Wao ndio waliosema nani alitangulia, nani alitetemeka, nani alinyamaza. Mwanahistoria ana haki ya kuutumia ushahidi wa namna hiyo, na kitabu cha Ludo De Witte cha mwaka 1999, kilichoisukuma Ubelgiji kuunda tume, kiliutumia vizuri. Mwandishi anaweza kunukuu neno la mshitakiwa na kuandika pembeni kwamba ni neno la mshitakiwa. Picha ya pande tatu haiwezi. Inadai kila kitu: mikono ilikuwaje, macho yalitazama wapi, mdomo ulifunguka au ulifumba. Asilo na ushahidi nalo, mchoraji atalibuni. Na palipo na ushahidi, atakuwa anachora alichokiona muuaji, kutoka mahali aliposimama muuaji. Mgeni wetu akiinua simu yake kuelekea mti, atajikuta amesimama katika safu ya askari, ameelekeza kitu kwa mtu aliyefungwa.

Hata picha halisi tulizo nazo zina kasoro hiyo. Filamu ya tarehe 2 Desemba 1960, Lumumba akiwa amefungwa kamba katika lori huku askari wakimvuta nywele, ilipigwa ili adhalilike mbele ya dunia. Kila tunapoirusha bila kusema hivyo, tunaendeleza kazi iliyokusudiwa siku ile.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Mgeni anapofika Shilatembo, programu imwombe aishushe simu. Kioo kiwe cheusi. Isikike sauti ya msomaji mmoja, akitaja majina matatu kwa mpangilio ule, saa, na majina ya waliokuwapo. Wazee wa vijiji vya jirani wakikubali kurekodiwa, sauti zao zifuate, na isemwe wazi kwamba wanasimulia walichokisikia au walichokiona utotoni. Kisha kimya cha dakika tatu, kwa kipimo cha saa ya tume. Katika dakika hizo mgeni ataangalia majani, barabara na anga.

Lakini Tshibumba alichora

Msomaji wa Lubumbashi atanipinga hapa, na ana haki. Miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyejifunza mwenyewe, alichora historia ya nchi yetu katika mfululizo wa picha zaidi ya 100, na akamfafanulia mtafiti Johannes Fabian picha moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Shaba. Mauaji ya Lumumba alichora pia, na nyuma ya miili aliweka misalaba mitatu kama ya Golgota. Hakuwapo. Hakuomba ruhusa ya tume yoyote. Kama yeye aliweza, kwa nini sisi tusiweze?

Jibu langu ni kwamba misalaba ile ndiyo inayomwokoa. Hakuna atazamaye picha ya Tshibumba akadhani kwamba usiku ule ilikuwapo misalaba porini. Anajua mara moja kwamba huyu ni mtu anayefikiri kwa rangi, anayesema kifo hiki kwetu kina maana gani. Alitia sahihi yake chini. Programu ya simu kwa kawaida haina sahihi, inajifanya dirisha. Nisingepinga hata kidogo picha za wachoraji wetu ziwekwe ndani ya ziara, kwa ruhusa ya wenye haki nazo, kila moja ikiwa na jina na mwaka. Ninachopinga ni kubuni huku tukijifanya tunaonyesha.

Ndiyo maana ningetaka kila kitu kitakachotokea kwenye kioo kiwe na alama ya rangi pembeni. Nyeupe kwa hati na mashahidi wasiohusika, kama walinzi wa Luano. Njano kwa maneno ya waliohusika. Kijivu kwa masimulizi na sanaa. Mwanafunzi wa sekondari ataielewa baada ya kituo kimoja, na ataondoka amejifunza jambo kubwa kuliko tarehe: kwamba historia ina madaraja ya uhakika.

Jinai ya nani, kwa ajili ya nani?

Ziara za jinai ni biashara duniani. Mjini London, watalii wanaendelea kutembezwa Whitechapel usiku kwa ajili ya mauaji ya mwaka 1888, na jina linalouza tiketi ni la muuaji asiyejulikana, si la wanawake maskini aliowaua. Ziara yetu inaweza kuangukia shimo hilohilo, na la kwetu ni refu zaidi, kwa sababu wahusika wana watoto na wajukuu mitaani. Katika mji huu wako watu wanaomheshimu Tshombe. Wako watu wenye asili ya Kasai ambao familia zao zilifukuzwa Katanga mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na wako wanaokumbuka kwamba mnamo Agosti 1960 jeshi la serikali ya Lumumba mwenyewe liliwaua raia wa Kiluba huko Bakwanga, mauaji ambayo Umoja wa Mataifa uliyalaani vikali.

Ziara itakayomgeuza Lumumba kuwa malaika na Wakatanga kuwa wauaji kwa kabila itakuwa imefanya kosa la kihistoria na kuwasha moto. Kanuni ya kuikwepa ni rahisi kuitaja, ngumu kuifuata: taja mtu na cheo chake, usitaje kabila. Aliyetia sahihi, aliyetoa amri, aliyeshika bunduki, aliyeleta tindikali. Na Bakwanga isemwe, kwa sauti ileile na kwa rangi zilezile za ushahidi.

Kwa upande wa wasikilizaji, vijana wengi wana simu ndogo na hununua mega za intaneti kidogo kidogo. Programu ipakuliwe mara moja, ifanye kazi bila mtandao, isiwe nzito, na mtu asiye na simu ya kisasa aweze kuifuata ziara kwa faili la sauti peke yake. Lugha ya kwanza iwe Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya soko na ya nyumbani hapa mjini. Kifaransa kifuate. Barabara ya Shilatembo ni ya kukodi gari. Basi moja la wanafunzi na mwalimu wao ni bora kuliko mtalii mmoja na vipokea sauti vyake, kwa sababu njiani kurudi watabishana.

Kituo cha mwisho

Pauline Opango, mke wa Lumumba, aliudai mwili wa mumewe mnamo Februari 1961 akiwa katika mavazi ya msiba, akitembea katika barabara za Léopoldville. Hakupewa. Alifariki Desemba 2014 bila kupewa. Soete naye, kabla ya kufa mwaka 2000, alikuwa amekiri mbele ya kamera za televisheni kwamba alihifadhi meno ya marehemu. Jino moja, lenye dhahabu, lilichukuliwa na vyombo vya sheria vya Ubelgiji mwaka 2016, kutokana na malalamiko ambayo familia iliyafungua mwaka 2011. Tarehe 20 Juni 2022 lilikabidhiwa kwa watoto wa Lumumba mjini Brussels. Likawekwa katika jeneza la kipimo kamili, likazungushwa nchini, likapita Shilatembo, na tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa. Mwezi Juni 2025 waendesha mashtaka wa Ubelgiji waliomba mtuhumiwa wa mwisho aliye hai apelekwe mahakamani. Jinai hii basi bado haijafungwa hata kisheria.

Kituo cha mwisho cha ziara kiwe njiani kurudi mjini, bila picha. Programu imwulize mgeni maswali mawili tu: ni nini ulichokiona leo, na ni nini ulichoambiwa? Majibu yake yabaki ndani ya simu yake. Akifika nyumbani, ayasome tena.